Sataranji ya Siam na Burma: Kutoka Ubaoni hadi Kompyuta

Neno sataranji, linalojulikana pwani yetu tangu zamani, lilitufikia kwa ndimi za Waarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Kisanskrit: chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi, ndivyo askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Jamii yetu hujivunia, na ina haki, kwamba mchezo huu ulizaliwa Bara Hindi yapata karne ya 6. Lakini ile tunayoicheza majumbani leo ni sataranji iliyozunguka Ulaya ikarudi, ikiwa na malkia mwenye nguvu zilizopindukia, ambaye hakujulikana kabla ya mwisho wa karne ya 15. Anayetaka kuiona sura yake ya kale hana budi kuelekea mashariki: Thailand, iliyoitwa Siam, na Myanmar, ile Burma ambayo wazee wetu wa King's African Rifles waliijua vitani mwaka 1944.

Mchezo wa Wathai huitwa makruk. Ubao wake una nyumba 64 zisizo na rangi mbili. Askari hupangwa safu ya tatu, si ya pili. Mahali pa malkia pana kete dhaifu iitwayo met, inayokwenda nyumba moja tu kwa mshazari. Gari la vita limegeuka kuwa mashua, jambo lisiloshangaza katika nchi ya mito. Askari huitwa bia, maana yake kauri, kwa kuwa zamani kauri halisi ndizo zilizopangwa ubaoni. Ikifika safu ya sita hupinduliwa, ikawa met. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwani na sisi kete ni jina la kauri ndogo na pia la kitu cha kuchezea.

Linalonivutia zaidi ni mwendo wa tembo. Katika Kigujarati hathi husimama pembeni mwa ubao na kwenda moja kwa moja, na mahali pake pa kale pamekaliwa na ngamia. Burma tembo, sin, hakuhama. Huenda hatua moja kwa mshazari pande zote nne, au hatua moja mbele: miguu minne na mkonga. Wathai wana kete ya mwendo huo huo, khon. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika habari za Bara Hindi yapata mwaka 1030, aliueleza mwendo huu huu, na kwa mfano huu huu wa miguu na mkonga. Desturi tuliyoiacha nyumbani imetunzwa ugenini.

Mchezo wa Burma, sittuyin, ni wa ajabu zaidi. Gari la vita huitwa yahhta, na yeyote aonaye rath ikipita katika sherehe atalitambua neno. Askari hukaa mahali maalumu tangu mwanzo, nusu yao safu ya tatu na nusu safu ya nne. Kisha kila jemadari huzipanga kete nane zilizobaki apendavyo nyuma ya askari wake, ila magari ya vita hukaa safu ya mwisho. Nimepiga hesabu: kwa nyumba 20 zilizo wazi, mchezaji mmoja ana namna zaidi ya milioni 93 za kulipanga jeshi lake. Mchezo wa kimataifa una mpango mmoja tu.

Ndipo wakaja wataalamu wa kompyuta. Programu ya Stockfish, iliyoanza mwaka 2008 kwa ajili ya sataranji ya kimataifa, ni huria, na kutokana nayo ikatengenezwa Fairy-Stockfish, inayocheza makruk, sittuyin na michezo mingi mingine. Kumpangia Mburma jeshi lake kulitatuliwa kwa ufundi uliokwishatumika kwa shogi ya Kijapani: kete zinahesabiwa kuwa mkononi, kisha zinatiwa ubaoni moja moja. Tembo naye, kwa kuwa mwendo wake unalingana na kete ya shogi iitwayo fedha, anaandikwa kwa herufi ya S, kwa Kiingereza cha neno hilo. Mashine haioni mkonga.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuhesabu. Katika makruk, adui akibakiwa na shaha peke yake, mwenye nguvu hupewa kikomo. Mwenye mashua mbili ana hatua 8, mwenye mashua moja 16, mwenye farasi mmoja 64. Tena idadi ya kete zote zilizopo ubaoni hutangulia kukatwa: zikiwa nne, wa mashua moja amebakiwa na hatua 12. Muda ukiisha, ni sare. Mfanyabiashara ataielewa haraka, maana ni deni lenye tarehe. Programu isiyoijua hesabu hii hujiona imeshinda ilhali haikushinda.

Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Thailand makruk ingali inachezwa na watu wengi, na mashine ikikosea wapo wa kuisahihisha. Burma sivyo: sataranji ya kimataifa imeusukuma sittuyin pembeni, na hata kanuni ya kumpandisha askari cheo husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Mwandishi wa programu hulazimika kuchagua moja. Kijana wa Yangon ajifunzaye kwa simu ataichukua hiyo kuwa ndiyo sheria, na namna aliyoijua babu yake itaonekana kosa. Kwa upande mwingine, bila programu hiyo huenda kijana huyo asingekutana na mchezo kabisa. Baadhi ya programu sasa humpa mchezaji nafasi ya kuchagua picha za kete za Kiburma badala ya zile za Ulaya, na hapo walau tembo hurudishiwa umbo lake.