Obokano Ndani ya Gitaa

Kabla gitaa halijafika Gusii, wazee wetu walipiga obokano, ala ya nyuzi nane iliyowambwa ngozi. Wamisionari wengi waliziona ala kama hizo kuwa za vilabuni, nasi tukaiacha nje ya kanisa.

Huko Lamu mafundi walipamba viti vya enzi kwa vipande vya mfupa na pembe za ndovu. Nakshi za gitaa hufuata ufundi uleule: picha huchorwa, kipande hukatwa, ubao huchimbwa kwa kina kilekile, gundi hutiwa, kisha msasa.

Kwaya ikiagiza gitaa la jubilii, tuchore obokano kando ya tundu lake, kwa jiwe letu la Tabaka. Shingoni lisitiwe, ni laini, vidole vitalimaliza. Hivyo iliyoachwa nje itaingia kwa heshima.