Jibu Sahihi, Ulimi wa Uwongo

Wengi wetu hudhani kuwa kweli na uwongo hupambanuliwa kwa kutazama maneno peke yake: jibu likiwa sahihi, aliyelitoa ni mkweli, likiwa kosa, ni mjinga. Kisa kilichotokea Marekani katika miaka ya 1950 chatufunza vingine.

Mwezi wa Septemba 1956 televisheni ya NBC ilianzisha mashindano ya maswali yaitwayo Twenty-One. Washindani wawili waliingizwa kila mmoja katika kijumba chake cha vioo, ili asimsikie mwenziwe, wakashindania kufikia pointi 21. Mamilioni ya watu walikaa majumbani wakitazama, wakifurahi kuona ilimu yaheshimiwa na yalipwa.

Kumbe watengenezaji wa mchezo, wakiongozwa na Dan Enright, wakiwapa washindani majibu mapema. Wakiwafundisha hata kusita na kujipangusa jasho, ili waonekane wanafikiri. Haja yao ilikuwa biashara: aliyegharimia kipindi alikuwa muuza dawa, naye alitaka watazamaji wengi.

Herbert Stempel alishinda kwa wiki kadhaa, kisha akaamrishwa ashindwe. Aliulizwa ni filamu gani iliyopata tunzo ya Oscar kwa mwaka 1955. Alijua vyema kuwa ni Marty, lakini akajibu On the Waterfront. Mahali pake akapanda Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa nyumba ya wanazuoni. Hata Machi 1957 alikuwa amekusanya dola 129,000, na magazeti yamempamba kwa sifa.

Basi tazameni: huyu alikosa ilhali ajua, na yule alipata kwa kutiliwa maneno kinywani. Majibu ya Van Doren yalikuwa sahihi, na juu ya hayo yalikuwa uwongo. Kwani watazamaji hawakudanganywa juu ya ilimu, walidanganywa juu ya mtu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 1958 siri ilianza kuvuja na uchunguzi ukafunguliwa. Van Doren alikula kiapo akakana. Lakini tarehe 2 Novemba 1959, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, alikiri yote. Akapoteza kazi ya chuoni na ya televisheni. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyokataza hila katika mashindano hayo. Ilitungwa mwaka 1960. Van Doren na wenziwe walikiri kosa mahakamani mwaka 1962, na kosa lenyewe halikuwa mchezo, bali kusema uwongo chini ya kiapo. Uwongo wa kwanza ulizaa wa pili, na wa pili ndio uliowatia hatiani.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, mtoto akileta daftari lenye majibu yote sahihi, tusikimbilie kumuuliza amepata ngapi. Tumuulize amepataje.