Mkahawa wa Steki wa Mtindo wa Ranchi (Marekani)

Mkahawa wa steki wa mtindo wa ranchi ni aina ya mkahawa wa Marekani ambao chakula chake kikuu ni pande nene la nyama ya ng'ombe lililochomwa kwenye moto mkali, na ambao jengo na mapambo yake hukusudiwa kumkumbusha mlaji maisha ya wachungaji wa nyanda za magharibi katika karne ya 19. Kuta huwa za mbao zisizopigwa randa, meza hazitandikwi vitambaa, na ukutani hutundikwa hatamu, matandiko ya farasi na mafuvu ya ng'ombe wa pembe ndefu. Katika baadhi ya mikahawa hiyo mlaji huletewa karanga za maganda kabla ya chakula, na kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuyatupa maganda sakafuni.

Chimbuko la picha hiyo ni biashara ya ng'ombe iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865, wakati Texas ilipokuwa na ng'ombe wengi wa bei duni huku miji ya kaskazini ikihitaji nyama. Kuanzia 1867 makundi makubwa yalipitishwa katika njia iliyojulikana kama Chisholm Trail hadi Abilene, Kansas, na kutoka hapo yakasafirishwa kwa reli kwenda Chicago, ambako soko kubwa la mifugo la Union Stock Yards lilikuwa limefunguliwa mwaka 1865. Wachungaji wenyewe, ambao miongoni mwao walikuwamo Wameksiko na Weusi waliokuwa wametoka utumwani karibuni, hawakula steki ila kwa nadra, kwa sababu ng'ombe walikuwa mali ya tajiri. Chakula chao cha kila siku kilikuwa maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, mkate na kahawa, vilivyopikwa kwenye gari la jiko ambalo Charles Goodnight alilibuni mwaka 1866. Jambo hilo linastahili kutiliwa mkazo, kwa kuwa mapambo ya mikahawa ya leo hulificha: pande la nyama linaloliwa kwa heshima ya mchungaji lilikuwa chakula cha watu wa mijini ambao mchungaji aliwapelekea ng'ombe.

Ipo hata hivyo mikahawa iliyozaliwa ndani ya biashara yenyewe. Cattlemen's Steakhouse ya Oklahoma City, iliyoanzishwa mwaka 1910 kando ya mnada wa mifugo, ililisha wafanyakazi wa mnada na wa viwanda vya nyama, na kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na mkahawa wenyewe, umiliki wake ulibadilika mwaka 1945 kwa mchezo wa dadu. Mingine mingi ilizaliwa nje ya biashara hiyo: Dan Blocker, mwigizaji wa tamthilia ya Bonanza, alianzisha mikahawa ya jina hilo mwaka 1963, LongHorn ilianzia Atlanta mwaka 1981, na Texas Roadhouse, licha ya jina lake, ilifunguliwa Indiana mwaka 1993. Big Texan ya Amarillo, iliyoanzishwa mwaka 1960, hujulikana kwa steki ya takriban kilo mbili ambayo hutolewa bure kwa anayeimaliza pamoja na vitangulizi na vijazio vyake ndani ya saa moja.

Vipande vinavyoagizwa zaidi ni sarara, ambayo ni laini lakini haina mafuta mengi; steki ya mbavu, ambayo mafuta yaliyotapakaa ndani yake huyeyuka na kuipa ladha; na tiboni, yenye mfupa wa umbo la herufi T unaotenganisha nyama za aina mbili. Mhudumu humuuliza kila mlaji kiwango cha kuiva anachotaka, na wapishi wengi huiondoa motoni ikiwa bado nyekundu katikati, kwenye joto la nyuzi 55 hivi za Selsiasi, ingawa Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri nyuzi 63 na dakika tatu za kupumzishwa. Maji mekundu yanayobaki sahanini si damu, ambayo karibu yote hutoka wakati wa kuchinja, bali ni maji yenye mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni katika misuli. Mzoefu wa nyama choma ya Afrika Mashariki, inayoiva polepole hadi ndani kisha ikakatwakatwa na kuliwa kwa pamoja, anaweza kuomba iive kabisa bila kuona haya.

Steki huandamana na kiazi kizima cha kuokwa chenye siagi na krimu chachu. Mlaji Mwislamu hana budi kuuliza, kwani kwa kawaida nyama hiyo haitokani na ng'ombe waliochinjwa kwa sheria ya Kiislamu, na vipande vya nyama ya nguruwe hutiwa katika viazi, saladi na hata maharage mabichi.

Bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 huhesabiwa kuwa sehemu ya gharama, kwa sababu sheria ya shirikisho, tangu 1991, humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa iwapo bahashishi zitafikisha pato lake kwenye kima cha chini cha kawaida, isipokuwa katika majimbo yaliyoweka kiwango cha juu zaidi.