Habari za Kunyoa na Kutia Rangi Nywele za Mwili, Tangu Pwani Hata Usukuma

Mambo tunayoyaandika hapa hayazungumzwi barazani, wala si ya kufundishwa mbele ya darasa la wavulana na wasichana pamoja. Hata hivyo yawapasa waalimu na mapadre kuyajua, kwa sababu katika jambo hili desturi ya kale na bidhaa ya kisasa zimekutana chini ya jina moja, na kukutana huko kumewaletea watu maumivu, na wengine mauti.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili hakichanganyi nywele zote kwa jina moja. Za kichwani ni nywele. Za kidevuni ni ndevu. Za juu ya mdomo ni masharubu. Za juu ya macho ni nyusi, na za kwenye vigubiko vya macho ni kope. Vile vidogo vilivyo laini mikononi na mwilini huitwa malaika, na moja lake ni laika. Nywele za kinenani ni mavuzi. Neno hili si tusi kwa asili yake, bali ni jina la kitu. Limo katika kamusi kubwa ya Frederick Johnson iliyochapwa mwaka 1939. Likitamkwa hadharani ni utovu wa adabu, lakini mgonjwa alitamkapo mbele ya mganga, au binti mbele ya somo wake, halina aibu.

Kama vile majina yalivyogawanyika, ndivyo na matunzo yalivyogawanyika. Watu wa pwani, walioshika madhehebu ya Shafii, walifuata mafundisho yajulikanayo kwa jina la fitra, yaani mambo matano ya tabia njema ya mwanadamu: kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha, na kuondoa nywele za makwapa. Tena waliwekewa mpaka: mambo haya, ila kutahiri, yasiachwe kupita siku arobaini. Basi hukumu ya nywele za kinenani ilikuwa wembe, si rangi. Rangi ilikuwa na mahali pake pengine. Mzee mwenye mvi alipaka hina kichwani na ndevuni. Na katika mapokeo ya Kiislamu wapo wanavyuoni wengi waliokataza kuzitia weusi mvi, wakifuata habari za Abu Quhafa, baba yake Abubakar, ambaye Mtume aliagiza nywele zake zibadilishwe rangi lakini weusi uepukwe. Wanawake walipaka hina viganjani na nyayoni, hasa wakati wa arusi. Bibi arusi alitengenezwa na kungwi wake: alisingwa kwa singo, akaondolewa nywele za mwili, akatiwa hina mikononi na miguuni. Kila sehemu ilipewa haki yake, na ile sehemu ya siri haikutiwa rangi.

Wala tusidhani kwamba mambo ya kale yote yalikuwa salama. Katika mahamamu ya nchi za Kiislamu watu waliondoa nywele kwa dawa iitwayo nura, yaani chokaa iliyochanganywa na zarniki, nayo zarniki ni jiwe la manjano lenye sumu ya aseniki. Dawa hii hulainisha nywele zikafutika, lakini ikikawia mwilini huunguza ngozi. Unguja nako mahamamu yalijengwa: la Kidichi kwa amri ya Seyyid Said mwaka 1850, na la Hamamni mjini wakati wa Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Wembe nao una hatari yake. Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Na kwa kuwa alinyoa wengi kwa wembe mmoja, uchafu wa damu ulihama toka mtu hata mtu. Leo twajua kwamba hivyo ndivyo yanavyoweza kuhama maradhi ya ini na virusi vya Ukimwi.

Sasa tuingie bara. Wasukuma hawakuwa na jando wala unyago kama makabila ya kusini na ya pwani. Mafundisho ya mwili yalitoka kwa bibi na shangazi, nyumbani, pasipo ngoma kubwa wala kambi. Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walikwenda pwani katika karne ya 19, wakarudi na nguo, shanga na maneno mapya. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, kisha machimbo ya dhahabu ya Geita yalipoanza katika miaka ya 1930, na almasi ya Mwadui ilipovumbuliwa mwaka 1940, watu wa makabila mengi walikutana, na desturi za pwani zikapata wenyeji wapya. Samuye iko katika barabara ya Shinyanga na Tinde. Na hapo Tinde njia zagawanyika, moja yaenda Nzega na nyingine Kahama. Bidhaa nyingi zitokazo Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita hapo. Hivyo vipodozi vya pwani vilifika, lakini kungwi aliyejua matumizi yake hakufika navyo. Hapa ndipo penye kiini cha habari hii.

Maana katika safari hiyo vitu viwili vilivaa nguo moja. Hina ni jani la mti, lililokaushwa na kusagwa. Rangi yake hushikamana polepole na ngozi na nywele, kwa muda wa saa nyingi, nayo ni ya machungwa au nyekundu ya udongo. Hina tupu haiwi nyeusi kamwe. Piko nayo ni weusi wa kuchorea na wa kufichia mvi, na unga uuzwao leo kwa jina hilo mara nyingi ni dawa ya kiwandani. Asili yake si shamba bali maabara. Mwaka 1856 Mwingereza William Perkin alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na katika ukoo huo wa rangi ikatokea parafenilinidiamini, ambayo mwaka 1883 kampuni ya Monnet ya Paris ilipewa hati ya kuitumia kutia nywele rangi. Mwaka 1909 Eugène Schueller akaanzisha huko Ufaransa kampuni iliyojiita ya rangi za nywele zisizodhuru. Jina lenyewe laonyesha kwamba watu walikuwa wamekwisha kuogopa.

Hofu yao haikuwa bure. Marekani, mwaka 1933, rangi ya kope iitwayo Lash Lure, iliyokuwa na dawa hiyo, ilimpofusha mwanamke mmoja, na mwingine alikufa. Habari hizo zilisaidia kuleta sheria ya mwaka 1938 ya kusimamia vyakula, madawa na vipodozi. Karibu nasi zaidi, Sudan, wanawake walichanganya dawa hii na hina ili iwe nyeusi upesi. Mwaka 1983 waganga wa Khartoum waliandika katika jarida la Lancet jinsi sumu yake inavyoingia mwilini: uso na koo huvimba hata mgonjwa hawezi kuvuta pumzi, kisha nyama za mwili huharibika, na mafigo hushindwa kazi. Ulaya sheria hairuhusu ipite sehemu mbili katika mia katika rangi ya nywele, wala haikubali ipakwe juu ya ngozi.

Ikiwa hivyo kwa kichwa, yapasa kufikiri zaidi juu ya kinena. Ngozi ya hapo ni nyembamba, ina joto na unyevu, na iko jirani na utando mlaini ulio ndani, ambao hunywa dawa upesi kuliko ngozi ya mkono. Siku hizi wako watu, waume kwa wake, wanaotaka kutia rangi mahali hapo, ama kuficha mvi, ama kwa urembo tu. Wakiona haya kuuliza, hununua piko ile ile ya kichwani. Mtu akiwajia waalimu na shauri hili, ajibiwe waziwazi. Kwanza, hana lazima ya kufanya lolote. Nywele hizo huikinga ngozi isisuguliwe. Akitaka kuzitengeneza, mkasi mdogo wa kupunguzia ni salama kuliko wembe. Na akitumia wembe, uwe wake peke yake, ngozi iwe imelainishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na wembe ufuate nywele zinakolala. Piko asiitumie hapo hata kidogo, wala dawa ya kufifisha weusi wa nywele, maana huunguza. Akishika neno lake la kutia rangi, ni hina tupu iliyokorogwa kwa maji, pasipo ndimu. Aijaribu kwanza kiwikoni kwa ndani, angoje siku mbili, kisha apake juu ya nywele za nje tu, pasipo jeraha. Tena ajue kwamba nywele nyeusi hazitapata ila wekundu mdogo. Watoto wachanga wasipakwe hina popote, kwa kuwa wako wenye upungufu wa asili katika damu, ambao hina huiharibu damu yao.

Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa padre kisha askofu tangu 1926 hata 1944, hakulivunja jando, bali aliliongoza, kwa kuwa aliona watoto hawawezi kuachwa pasipo mafundisho ya mwili. Usukuma hapakuwa na jando la kuongoza. Ipo shule, iko zahanati, na yuko mwalimu wa kike ambaye wasichana humwamini. Huyo na awafundishe kutambua vitu viwili kwa dalili yake: unga unaogeuka mweusi kwa nusu saa si hina, hata kama karatasi yake imeandikwa hina nyeusi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi katika Tanzania umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Lakini shirika haliwezi kusimama katika kila gulio tangu Samuye hata Geita, na msichana anayejua dalili hiyo hujilinda mwenyewe penye meza ya mchuuzi.