Mtandao wa kijamii usio na kitovu: istilahi na milinganisho

Wafasiri wengi huandika "mtandao uliogatuliwa". Tafsiri hiyo inatia shaka. Kugatua, kama ilivyo katika ugatuzi wa Kenya chini ya Katiba ya 2010, ni kitovu kuzigawia ngazi za chini madaraka yake. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, haikuwa na kitovu cha kugawa chochote. "Usio na kitovu" ni bora.

Wageni huelezwa mtandao huu kwa mfano wa baruapepe, nao unafaa: anwani hubeba jina la mtumiaji na la seva yake, na seva tofauti huwasiliana kwa kufuata itifaki moja, ActivityPub. Mfano wa simu za mkononi (mteja wa Airtel kumpigia wa Vodacom) huenda ukaeleweka upesi zaidi, ila hupotosha penye mambo mazito. Msimamizi wa seva aweza kuifungia seva nyingine nzima, na aweza kusoma ujumbe wa faragha, kwani haufumbwi. Anayehama seva hufuatwa na wafuasi wake, lakini anwani hubadilika na machapisho ya zamani hubaki nyuma. Mwalimu asiyeyataja haya humwacha mwanafunzi akiamini ana usiri asio nao.