Kompaila na Majina ya Mtaani

Wenzangu mnaoandika C++, leo tuzungumzie majina. Kiwango cha lugha hiyo kilipotoka mwaka 1998, std::string ilikuwa jina la mkato tu. Jina lake halisi ni std::basic_string<char, std::char_traits<char>, std::allocator<char> >. Ukikosea kidogo, kompaila nyingi za wakati huo zilikutupia hilo refu, ambalo hukuliandika popote. Ni kama kumuulizia Mama Njeri mtaani, ujibiwe kwa majina yote ya kitambulisho. Visual C++ 6.0 ilikuwa hata na onyo maalum, C4786: jina limezidi herufi 255, limekatwa.

Kompaila hazikusema uongo; zilisahau tu ulivyoliita jambo lako. Naamini wanagenzi wengi walikata tamaa hapo, wakidhani hawajui kuprogramu.

Clang, ambayo Apple iliuweka wazi msimbo wake mwaka 2007, iliyakumbuka majina yote mawili: lako kwanza, kisha "aka", yaani "ajulikanaye pia kama", na lile halisi. Siku hizi GCC nayo hufanya hivyo. Kwangu, ujumbe mzuri wa kosa humjibu mtu kwa maneno yake mwenyewe. Wewe waonaje?