Pangi, mwisho wa njia: karne na nusu ya kuingizwa na kutolewa sokoni

Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, Wakongo wengi wamekuwa wakiuliza swali moja kwa uchungu: tunakaa kwa nini katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, meza moja na Rwanda? Uchungu huo una haki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka kuhusu msaada wa jeshi la Rwanda kwa waasi hao. Nchi yetu ilikubaliwa na wakuu wa Jumuiya tarehe 29 Machi 2022, ikatia saini Nairobi tarehe 8 Aprili, na ikawa mwanachama kamili mwezi Julai. Kabla mwaka haujaisha, askari wa Jumuiya walikuwa Kivu Kaskazini. Desemba 2023 waliondoka baada ya Kinshasa kukataa kuwaongezea muda. Kwa wengi, jambo hilo lilitosha kuwa ushahidi kwamba Jumuiya haina faida.

Ukishavuka mto Lualaba kutoka Kindu hadi Alunguli, ukashika barabara ya kuelekea Kalima na Pangi, swali hilo linakutana na jingine: tukitoka, chumvi itapita wapi? Sabuni, je? Vitenge, dawa, vipuri vya pikipiki? Pangi ni mojawapo ya maeneo saba ya mkoa wa Maniema. Inapakana na Shabunda upande wa mashariki, iko mbali na kila mpaka na mbali zaidi na Kinshasa. Watu wake hawana haja ya kukisia maana ya kutolewa sokoni, kwa sababu katika miaka 150 iliyopita imewapata zaidi ya mara moja, na kila mara uamuzi ulifanywa mahali pengine.

Tuanze na soko lenyewe. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alikuta kando ya Lualaba soko kubwa la wanawake: samaki, mawese, chumvi, vyungu, kuku. Walitoka ng'ambo zote mbili za mto, hata kutoka vijiji vilivyokuwa na ugomvi, kwa kuwa siku ya soko ilikuwa na amani yake. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara kutoka pwani walifyatua bunduki katikati ya umati huo. Waarabu wa misafara hiyo wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni. Soko la majirani lilikuwa limekutana na soko la mbali, lile la pembe na watumwa, ambalo njia yake ilipita Ujiji na Tabora hadi Zanzibar.

Njia hiyo ilileta nguo za merikani, shanga, bunduki, mpunga na Kiswahili, na ikaondoka na pembe na watu. Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip, alijikita Kasongo miaka ya 1870, na misafara ikapenya hadi kwa Warega, wenyeji wa Pangi. Hakuna sababu ya kuupamba wakati huo, maana biashara ile ililipwa kwa damu. Lakini ilikuwa mfumo, wenye mikopo, madalali, vituo na bei zinazojulikana, na kufikia miaka ya 1880 Maniema yote ilikuwa imegeuza uso mashariki.

Mwaka 1885 Mkataba wa Berlin ulitangaza kwamba bonde la Kongo litakuwa eneo la biashara huria, bila ukiritimba wa yeyote, na eneo hilo likanyooshwa kwenye ramani hadi Bahari ya Hindi. Kwa karatasi, Pangi iliingizwa katika mojawapo ya masoko mapana kuliko yote duniani wakati huo. Haukupita muda mrefu. Kwa amri za mwaka 1891 na 1892, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alidai kwamba pembe na mpira wa misitu ni mali ya dola lake. Kisha vikaja vita. Nyangwe iliangukia kwa Dhanis, kamanda wa Leopold, mwezi Machi 1893, Kasongo mwezi Aprili, na mwanzoni mwa 1894 mfanyabiashara Rumaliza alikuwa amekimbilia mashariki. Pembe za Maniema zikageuzwa kuelekea Boma na Antwerp. Mtumwa aliyetarajia nafuu alikutana na kazi ya shuruti ya mpira, na mchuuzi mdogo aliyeishi kwa njia ya Ujiji alibaki bila njia. Huko ndiko kutolewa kwa kwanza.

Wabelgiji nao waligundua upesi kwamba mashariki haikwepeki. Kufikia mwaka 1911 reli iliunganisha Kindu na Kongolo. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mwaka uliofuata reli ya Kongo kutoka Kabalo ikafika Ziwa Tanganyika, katika mji uitwao leo Kalemie. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji sehemu za bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya franka moja kwa mwaka, na eneo hilo likajulikana kama Belbase. Mzigo wa Kindu sasa uliweza kwenda kwa reli na mto hadi Kabalo, kwa reli hadi ziwani, kwa meli hadi Kigoma, kisha kwa reli tena hadi baharini. Bendera zilikuwa mbili na himaya mbili, lakini njia ilikuwa moja.

Kwa Pangi, kilichobadilisha maisha kilikuwa kasiteriti, madini ya bati. Kampuni ya Symétain, iliyoundwa mwaka 1932, ilijenga kambi Kalima, ikachonga barabara msituni, ikafungua hospitali na shule, na baadaye eneo likapata umeme wa maji wa Lutshurukuru. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likawa la lazima kwa vita vya Washirika, na wanaume wa Maniema wakabanwa wachimbe zaidi. Haya nayo hayakuwa maisha ya uhuru. Hata hivyo, mshahara ulifika, lori lilifika, na duka lilikuwa na chumvi.

Baada ya uhuru, na baada ya vita vya waasi wa Simba vya mwaka 1964, pigo lililofuata lilitoka ndani. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinahamishiwa mikononi mwa raia. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yaligawiwa kwa watu wengi wasiokuwa na mtaji wala mawasiliano na wauzaji wa jumla. Bidhaa zilizokuwemo ziliuzwa, rafu zikabaki tupu. Kinshasa iliuita uamuzi huo ukombozi wa uchumi. Kwa mnunuzi wa kijijini, nchi ilikuwa imejitoa katika mtandao uliokuwa ukimletea mahitaji, bila kuweka mwingine mahali pake.

Miaka mitatu baadaye kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka huohuo wa 1976, Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, makao yake Gisenyi. Ndiyo iliyowapa watu wa mipakani karatasi za kuvuka kwa urahisi, na nchi zetu umeme wa pamoja wa Ruzizi. Pangi iliyahisi hayo kwa mbali. Jumuiya iliyoishika Pangi shingoni ilikuwa nyingine, ambayo wachimbaji wengi wa Kalima hawakuwahi kusikia jina lake: Baraza la Kimataifa la Bati, lenye makao London. Zaire ilikuwa mwanachama pamoja na Malaysia, Indonesia, Thailand, Nigeria na Australia. Baraza lilinunua bati bei iliposhuka ili kuizuia isianguke. Tarehe 24 Oktoba 1985 fedha zililiishia. Soko la madini la London lilisimamisha biashara ya bati, na bei ikaporomoka hadi karibu nusu.

Ukitaka kujua kuvunjika kwa umoja wa kibiashara kunafikaje jikoni, fuata mlolongo huo. Bei ilianguka London. SOMINKI ikaanza kuyumba. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika. Barabara za kampuni zikakosa mtengenezaji. Hospitali ikakosa dawa. Mchimbaji wa kampuni akawa mchimbaji wa mikono. Miaka kumi baadaye msitu ulikuwa umeanza kurudisha barabara zake, na vita vya 1996 vilikuta eneo limeshajitenga.

Vita vya 1998 vilikamilisha kazi hiyo. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD mwezi Oktoba. Njia ya mto na njia ya reli zikafa, na Kinshasa ikawa kama nchi ya ng'ambo. Kilichobaki ni ndege za mizigo. Ndege iliyokuja kuchukua madini ndiyo iliyoleta sukari, sabuni, maharage na mafuta. Bila madini hakuna ndege, bila ndege hakuna sabuni. Ndiyo maana serikali iliposimamisha uchimbaji wote Maniema na Kivu mbili, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, pigo halikuishia kwa wenye bunduki waliokusudiwa. Lilimpata pia mama wa sokoni ambaye hajawahi kushika sururu.

Nchi jirani zina ushahidi wao. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Shirika la ndege la pamoja lilikufa, mabehewa na meli zikagombaniwa, na mgawanyo wa mali ulimhitaji msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, hadi makubaliano ya Mei 1984. Viongozi walipatana, lakini wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa miongo, na wengine walikufa wakidai. Tanzania hiyohiyo ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwezi Septemba 2000, na nchi haikutikisika vile, kwa kuwa ilibaki SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na ilikuwa imetia saini mkataba wa Jumuiya mpya Novemba 1999. Mara ya kwanza njia zilikatwa. Mara ya pili ulibadilishwa mkataba huku njia zikibaki wazi.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoomba ipimwe tunapojadili kutoka. Kongo imo pia SADC, COMESA na ECCAS, jumuiya ya Afrika ya Kati. Tukiiacha Jumuiya, bado tutakuwa na Tanzania ndani ya SADC, na Kenya na Uganda ndani ya COMESA. Kwa hiyo hofu kwamba ushuru utapanda kila mahali kwa siku moja imezidi kipimo. Hata faida za kuingia mwaka 2022 hazijafika Pangi kwa kishindo. Sheria ya nchi yetu tangu Machi 2002 inaruhusu idara nne tu mpakani, lakini mfanyabiashara hukutana na nyingi zaidi, na baada ya mpaka kuna vizuizi vya barabarani. Tozo hizo hazikuwekwa Arusha, makao ya Jumuiya, na kuondoka Arusha hakutaziondoa.

Hofu iliyo ya kweli ni ya njia. Maniema imezoea kupata bidhaa kutoka Goma na Bukavu. Miji hiyo ilipoangukia kwa M23 na viwanja vyake vya ndege kufungwa, mkoa ulionja kutengwa bila mbunge yeyote kupiga kura. Njia ya kusini iliyobaki, ya reli kuukuu hadi Kalemie na kuvuka hadi Kigoma, inahitaji Tanzania iwe na sababu ya kuwekeza nasi. Kongo tayari ni miongoni mwa wateja wakubwa wa mizigo ipitayo bandari ya Dar es Salaam. Mteja huyo ana nguvu ya kudai huduma bora Kigoma akiwa mezani kuliko akiwa nje.

Simwambii mtu ameze hasira yake. Nchi inayovamiwa ina haki ya kuchagua nani wa kukaa naye, na Rwanda yenyewe ilitangaza kujitoa ECCAS mwezi Juni 2025 baada ya kunyimwa uenyekiti. Ninachosema ni kwamba mkataba wa Jumuiya, ibara ya 145, umeweka utaratibu: theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya miezi 12. Miezi hiyo ina thamani ikiwa tu kuna kazi ya kufanywa ndani yake.

Kazi hiyo inajulikana. Mbunge atakayeomba kura ya kutoka aje kwanza na hesabu ya reli: mabehewa mangapi yatafika Kindu kila mwezi, na fedha zinatoka wapi. Aje na ratiba ya barabara ya Kindu, Kalima na Pangi, na kivuko cha Alunguli. Aje na amri inayotekelezwa ya kuondoa vizuizi na idara zisizo halali mpakani, ili mchuuzi apate nafuu leo, mkataba uwepo au usiwepo. Na atakayeomba tubaki aje na hesabu hiyohiyo, kwa maana kubaki bila barabara kumetupa kidogo sana tangu 2022. Mwaka 1893, 1973 na 1985 uamuzi ulipitishwa kabla hesabu hiyo haijaulizwa, na Pangi ikailipa. Safari hii wabunge wa Maniema wana viti ndani ya ukumbi, na wapiga kura wao wana haki ya kuwadai jibu kabla ya mkono kuinuliwa.